Tope la Josho

Kuna watu huku kwetu Ganako, Karatu, wakitaka kukodi shamba huinama, huchota udongo kiganjani, huunusa kama mtu anayenunua ugoro, halafu husema: udongo safi huu. Siwapendi watu hao. Nilikuwa mmoja wao. Pua yangu ilinidanganya, na sasa mtu akinusa udongo mbele yangu namwambia akamwite mbwa anuse, maana mbwa angalau hali mchicha.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Nikikosea mahali, aliyesoma asahihishe kwa kalamu yake. Lakini habari ya josho hakuna wa kunisahihisha. Nililiona likichimbwa, nimeliona likifa, na uchafu wake niliubeba mimi mwenyewe.

Vijana wa siku hizi wanapulizia ng'ombe kwa bomba la mgongoni, kwa hiyo hawajui josho ni nini. Ni mfereji wa saruji, kina chake kinampita mtu mrefu, umejaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe wanasukumwa kwenye njia nyembamba ya magogo, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka anafika ukingoni na hana pa kurudi. Anaruka. Anazama mpaka pembe, anaibuka, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili na kusimama kwenye sakafu yenye mteremko mpaka dawa imchuruzike yote. Na ng'ombe akiogopa anafanya nini? Anakunya. Wote wanakunya, kabla ya kuruka, ndani ya maji, na baada ya kutoka. Kwa hiyo yale maji baada ya muda yalikuwa uji wa mavi na dawa, na kila baada ya misimu kadhaa josho lilikaushwa kwa ndoo, tope likarundikwa nje ya uzio.

Sasa nielewe vizuri hapa. Sisi Wairaqw mavi ya ng'ombe si uchafu. Nyumba niliyozaliwa ilikandikwa kwa hayo, sakafu ilipigwa kwa hayo, na ng'ombe wenyewe walilala humohumo ndani tukisikia wanavyocheua. Baba yangu akikuta kinyesi njiani wakati anakwenda mnadani, alikifunika kwa majani na kuweka jiwe juu, ili akirudi akibebe. Na ole wake atakayekichukua. Niliwahi kuona wazee wawili wakirushiana fimbo kwa sababu ya kinyesi cha ng'ombe ambaye si wa yeyote kati yao.

Basi mtu aliyelelewa hivyo, mwonyeshe rundo la tope jeusi, laini, linalong'aa, limekauka juu likapasuka kama mkate, halafu mwambie asiliguse. Utamwona.

Bwana mifugo wetu wakati huo alikuwa mtu wa kutoka upande wa Mbulu, mkavu, hana maneno mengi. Alisimama juu ya pikipiki yake, hata hakushuka, akasema, "Hilo tope chimbeni shimo mlifukie. Mtu asiliguse." Akawasha, akaenda zake. Ndiyo elimu tuliyopewa.

Tulicheka sana siku ile. Jirani yangu alisema, "Huyu anataka tulifukie ili aje alifukue."

"Atamuuzia mzungu wa kahawa," nikasema mimi.

"Sisi tubaki na vumbi."

Serikali ikikukataza kitu, maana yake kitu hicho kina faida na kuna mtu ameshakipangia. Hivyo ndivyo tulivyofikiri, na sisemi kwamba mara nyingine hatukuwa sahihi. Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, nina kipande cha shamba bondeni kilichochoka. Asubuhi nilifunga ng'ombe kwenye mkokoteni nikaanza kusomba. Nilikwenda safari nane. Niliimba njiani. Wenzangu walichukua kidogokidogo kwenye ndoo na kuacha walipoona mikono inawasha, lakini mimi nilitaka lote, nikalichukua lote. Nikalitandaza kwa koleo na kwa mikono hii, nikamwita mke wangu aje aone.

Nyungunyungu walitoka juu siku ya tatu. Walilala pale kama kamba za viatu, wamekufa. Mahindi yaliota yakawa ya manjano, yakasimama kimo cha goti mpaka yakafa. Mimi nikasema samadi bado ina moto. Kila mkulima anajua samadi mbichi inaunguza, unaiacha ipoe. Nikawa namfundisha kila aliyepita njiani: inapoa, mwakani mtaona.

Halafu ndama wangu alilamba mbao za mkokoteni. Ng'ombe wanapenda chumvi, na nadhani lile tope lilikuwa na ladha ya chumvi. Alikufa siku ileile, anaharisha na kusaga meno. Nikasema ni jirani, bibi mmoja mjane wa upande wa juu, ana jicho baya. Nilimtukana yule bibi mbele ya watu. Miaka miwili hatukusalimiana, akafa sijamwomba radhi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika.

Bwana mifugo alikuja kumwona ndama. Safari hii alishuka kwenye pikipiki.

"Tope umelipeleka wapi?"

"Tope gani?"

"Kijana, usinichezee. Pale joshoni pamekwanguliwa kama sufuria."

Nikamwonyesha shamba. Alisimama pembeni, hakukanyaga ndani. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mavi yanaoza. Hiyo dawa ni aseniki. Ni kama madini, haiozi. Mvua itaiosha kidogo iende korongoni, upepo utapeperusha vumbi lake, lakini nyingine itakaa hapohapo. Wewe utakufa itakuwepo. Mtoto wako atakufa itakuwepo."

Nikacheka usoni pake. Nikamwambia hata jiwe linaoza.

Ningekuwa mpumbavu tu, ningejisamehe. Lakini ubaya ni kwamba nilimwamini. Kucheka nilicheka, ila kuanzia siku ile sikula kitu kilichotoka katika kipande kile. Nilikiacha majani. Rafiki yangu mmoja, Mmasai wa Nainokanoka aliyekuwa akiteremka na kondoo, alipita akayaona majani yale marefu ya kijani, akasimama na fimbo yake mabegani. Habari ya mkokoteni alikuwa ameisikia, akasema kwao majani yenye tope la josho yanaliwa na ng'ombe wa mjinga. Akawazungusha kondoo wake mbali. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Miaka ikapita. Mvua ikanyesha, udongo ukabadilika, nyungunyungu wakarudi wachache. Mke wangu alifariki kwa maradhi ya tumbo. Sisemi ni josho, sisemi si josho. Hospitali waliandika neno refu kwenye karatasi, nikalipeleka kwa mwalimu anisomee, naye akasema hata yeye hajui. Josho lenyewe lilikufa, paa likaibwa, mfereji ukajaa udongo na mashina ya mbarika. Watu waliokuwa wanajua wakafa mmoja mmoja, na kila aliyekufa mimi nilipumua kidogo. Ndiyo. Nilikaa matangani nahesabu nani amebaki anayenikumbuka na mkokoteni.

Kisha mwanangu wa mwisho akafa kwa lori, pale kwenye mteremko wa kuingia Karatu mjini, akaacha mke na watoto watatu. Kaka zake walikuwa wameshagawana mashamba mazuri. Mkwe wangu alikuja akapiga magoti akasema, "Baba, naomba kile kipande cha bondeni, karibu na bomba la maji. Kimekaa bure."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na meno. Nikajiambia mvua imeosha. Nikajiambia bwana mifugo hakuwa Mungu. Ukweli ni kwamba niliona aibu, maana ningemnyima hicho ningetakiwa kuwanyang'anya wanangu wengine, na wanangu wengine ni wakali. Nikampa.

Mwanamke yule ana mkono. Ndani ya msimu mmoja palikuwa na chainizi, karoti, spinachi, vitunguu vya majani, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula. Hoteli za watalii zikaanza kununua. Pikapu ya hoteli inakuja Jumanne na Ijumaa, mpishi anashuka na kreti zake, anasifia. Watoto wakaenda shule na viatu. Na kila jioni mkwe wangu alinipakulia ugali na mboga kutoka bustani ile.

Nikamwambia meno yangu hayawezi majani. Basi akaanza kunikatia mboga nyembamba kama nywele, anakaa dakika nyingi na kisu, kwa ajili ya meno yangu. Nikamwambia tumbo. Akaniletea maziwa. Mimi nakunywa maziwa, na wajukuu wangu watatu wamekaa mbele yangu wanakula mboga, wananyang'anyana. Nimewaangalia hivyo miaka sita.

Kabla hujanitemea mate, subiri niseme na hawa wengine, maana wasijifanye watakatifu. Kuna bwana mmoja upande wangu wa juu anapulizia ngwara zake, yale maharage ya kuuza, saa sita mchana, upepo unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na ule mvuke wote unatua kwenye nguo nilizoanika na kwenye pua yangu. Nimemwambia. Akasema, "Mzee, upepo si wangu." Anakoroga dawa kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha mkono huohuo unavunja mkate. Bomba lake analisuuza kwenye mfereji, na chupa anatupa korongoni, na korongo likifurika kila mtu chini huko anapata zawadi yake. Mwenye duka la pembejeo naye humuuliza mteja swali moja tu: unataka kali au kali sana? Nawachukia. Nawachukia kwa sababu nawajua, maana nikiwatazama naona mkokoteni wangu.

Sasa mwaka huu kikundi cha akina mama kilitaka eneo la bustani. Mkwe wangu ndiye katibu wao. Na ni nani mwingine angepewa ukatibu, wakati bustani yake inaonekana mpaka barabarani? Mkutano wa kitongoji uliitishwa Jumatano asubuhi kwenye kiwanja cha shule, nikaenda kwa sababu huwa naenda, nakaa nyuma nalalamika. Mkwe wangu akasimama na daftari lake akaomba kikundi kipewe eneo la josho la zamani. Tambarare, akasema. Maji yako jirani. Udongo mweusi, haujaguswa.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikajikuta nimesimama.

"Pale hapalimwi," nikasema.

"Mzee anataka kufungia mbuzi zake pale!" mtu akapiga kelele, kicheko kikazuka.

"Huyu mzee hata mvua ikija ataipinga."

Kijana mmoja anayeendesha watalii, amevaa kofia ya kaki hata siku asiyokuwa na wageni, akasema, "Babu, tulia. Shamba halijawekwa mbolea ya dukani miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo wanaiita oganiki. Wageni wanaitafuta kwa tochi."

"Oganiki ya mama yako," nikamjibu. "Pale pana sumu ya kupe. Haiozi."

Mwenyekiti akanyoosha mkono watu wanyamaze. "Mzee wangu, sumu gani itakaa miaka hiyo yote? Na wewe unajuaje?"

Ningeweza kusema bwana mifugo aliniambia. Ingekuwa kweli, na wangecheka, na mimi ningekaa chini nimetimiza wajibu wangu. Akina mama wangelima pale, watoto wa kitongoji kizima wangekula. Niliona vile wajukuu wangu watatu wanavyonyang'anyana mboga, nikaona bakuli nyingine, nyingi.

"Najua kwa sababu tope lake nililibeba," nikasema. "Mkokoteni, safari nane. Niliweka shambani kwangu, ndama akafa na mahindi yakafa."

"Shamba gani?" Mwenyekiti si mtu wa kuacha jambo.

"La bondeni. Karibu na bomba."

Kila mtu anajua bondeni karibu na bomba ni kwa nani. Mkwe wangu alikuwa bado amesimama na daftari. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali, polepole, neno moja baada ya jingine.

"Baba," akasema. "Kumbe si meno."

Akakaa chini.

Kelele zilizofuata sizikumbuki zote. Namkumbuka bibi mmoja, mkubwa kuliko mimi, aliyesimama akasema kwa Kiiraqw kwamba haya yote yangekuwa metimani. Vijana wakauliza ndiyo nini hiyo. Akawaeleza: zamani nyumba ikiingiwa na unajisi, ilikaa peke yake. Haikuchota maji na wengine, haikuazima moto wala jembe, ng'ombe wake hawakuchanganyika, mpaka muda wake uishe. Katekista akakohoa akasema hizo ni imani za giza, tulishaziacha. Bibi akamwambia, "Mmeziacha, ndiyo. Na uchafu nao umejua mmeziacha. Unaingia nyumba hadi nyumba bila kubisha hodi." Kijana wa kofia akacheka, lakini peke yake.

Josho likaachwa. Wakasema litazungushiwa mkonge. Mtaalamu mmoja alikuja akachota udongo wa bondeni kwenye mfuko wa nailoni, akaandika juu kwa kalamu, akasema majibu yatakuja. Hayajaja. Mimi sisubiri majibu, ila kuna watu wanayasubiri yaseme hakuna sumu, ili wapate kuendelea kupulizia.

Tangu mkutano, mkwe wangu hakunisemesha siku mbili. Chakula alileta mtoto. Alhamisi jioni wanangu wawili wakubwa walikuja wakamkalisha chini uani kwake, na mimi nikiwa pembeni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya pikapu, na bustani ilikuwa imejaa mpaka inakera.

"Shemeji, nyamaza tu," mkubwa akasema. "Hoteli haijui kitu."

"Wageni wanakula siku moja, kesho wanapanda ndege," mdogo wake akasema. "Sumu ya siku moja haimuui Mzungu."

"Watoto wangu hawajala siku moja," akasema mkwe wangu.

Ndipo akanigeukia, mara ya kwanza tangu mkutano.

"Baba, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimeshakiri mbele ya kitongoji kizima. Mtu angedhani baada ya hapo ulimi umenyooka. Nikamwambia, "Uza ya kesho, mama. Ya kesho tu. Halafu tutaona."

Alinyanyuka akaenda ndani kuwalaza watoto.

Ijumaa pikapu ilikuja. Mpishi akashuka na kreti zake, akaingia moja kwa moja kati ya matuta kama kawaida yake, anachezea majani ya spinachi kwa vidole. "Dada, leo umenitendea haki," akasema.

"Leo sikuuzii," mkwe wangu akasema. "Wala Jumanne. Udongo huu una dawa ya josho la ng'ombe, ya zamani. Ilimwagwa hapa."

Mpishi akacheka, akidhani anapandisha bei. Alipoona uso wake hakuendelea. Akaitazama miguu yake, akatoka kwenye tuta kwa hatua ndefu, akafuta viatu kwenye nyasi, mbele na nyuma.

"Tangu lini?"

"Muulize huyo."

Nikamwambia tangu lini. Alikaa akipiga hesabu kimoyomoyo, ya miaka sita aliyokuwa akinunua, nadhani, na ya sahani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipanda gari na kreti tupu zikigongana nyuma.

Mkwe wangu akaanza kung'oa. Hakuchagua, alianzia tuta la mwisho kabisa na kuja, chainizi, karoti changa, vitunguu, anarusha rundo moja katikati. Nilitaka kusaidia, akanitazama, nikaacha. Jua lilipokuwa kichwani alikuwa amemaliza. Rundo lilikuwa refu kuliko yeye. Mbuzi wa jirani wakanyoosha shingo kwenye ua, akawafukuza kwa mawe.

"Niambie mboga hizi niziweke wapi," akasema.

Nikasema tuzichome zikikauka. Akauliza, na moshi wake utakwenda kwa nani? Upepo ulikuwa unashuka kuelekea shule. Nikasema korongoni. Akasema korongo linakwenda kwa watu. Nikasema basi tuziache ziwe mboji. Hapo mimi mwenyewe nilisikia nilichosema.

Akaingia stoo akatoka na jembe na koleo. Akavitupa miguuni kwangu.

"Chimba hapohapo," akasema. "Zirudi zilikotoka. Na uchimbe wewe."

Nina umri wa kuchimbiwa, si wa kuchimba. Nilichimba. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na kila nilipoegemea mpini yeye alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni. Udongo ulikuwa mweusi mpaka chini. Shimo lilipofika magotini nikauliza kama linatosha.

"Bado," akasema.